Upasuaji wa mkono: kipi kisubiri, kipi kisisubiri, na uchague njia ipi

Watu wawili wamekaa benchi moja nje ya kliniki ya mikono. Mmoja ana kidole kinachonasa kila asubuhi, hata inabidi akinyooshe kwa mkono wa pili. Mwingine jana jioni aliteleza na kisu, akapata mkato mfupi chini ya kidole, damu ikakata mapema. Wote wawili watauliza swali lilelile: ni lazima nipasuliwe? Yule wa kwanza ana miezi ya kufikiria. Wa pili ana siku chache tu, na kidonda chake ndicho kinachoonekana kidogo.

Kazi yangu ni kuzoesha mikono baada ya upasuaji. Kinachoniuma zaidi katika kazi hii ni mkono uliochelewa kufika, na ule uliopasuliwa vizuri kabisa kisha ukaachwa umelala ndani ya bandeji mpaka ukakakamaa. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa saa. Kila njia naipima kwa maswali mawili. La kwanza: nikiichagua hii leo, ile nyingine bado itakuwepo kesho? La pili: mkono utakaa bila kusogea kwa muda gani?

Swali la pili watu hulidharau. Mkono una mifupa 27, na juu ya mifupa hiyo kano, neva na mishipa ya damu vimepangana karibu karibu kama nyuzi za kitambaa. Jeraha likipona, kovu haliulizi hii ni ngozi au ni kano. Linagandisha vyote pamoja. Goti lililofungwa wiki sita hulegea tena kwa jitihada. Kidole kilichofungwa wiki sita bila sababu kinaweza kukataa kukunjika maisha yote.

Kidole kilichokatika: kukirudisha au kufunga kidonda

Hapa saa inagonga kweli. Kidole hakina nyama nyingi inayokufa haraka, kwa hiyo kinavumilia kuliko mkono mzima: kama saa 12 kikiwa hakijapozwa, na hadi saa 24 kikiwa kimepozwa vizuri. Mkono uliokatika juu ya kifundo una misuli, na muda wake ni karibu nusu ya huo. Kupoza si kukitupa kidole kwenye barafu. Kifunge kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali na kukamuliwa, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge mdomo, kisha mfuko huo ndio uuweke kwenye chombo chenye maji na barafu. Kidole kilichogusana na barafu moja kwa moja huungua kwa baridi, na daktari hana cha kushona. Kisiloweshwe pia kikaelea majini.

Tangu mwaka 1965, madaktari wa Japani Komatsu na Tamai walipofanikiwa kurudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, swali la "inawezekana?" lina jibu. Linalobaki ni "inafaa?", na hapo njia mbili zinaachana sana.

Kurudisha kidole ni saa nyingi chini ya hadubini: mfupa, kano, mishipa ya damu, neva. Baadaye ni siku kadhaa hospitalini huku kidole kikiangaliwa rangi kila saa, na wakati mwingine ruba huwekwa wanyonye damu inayokwama kwa kukosa njia ya kurudi. Kisha miezi ya mazoezi, na mara nyingi upasuaji wa pili wa kuachilia kano zilizoganda. Neva hukua takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo ncha ya kidole hukaa na ganzi muda mrefu. Mvutaji sigara anaingia katika yote haya na hatari zaidi, maana nikotini hubana mishipa ileile iliyoshonwa.

Kufunga kidonda, yaani kusawazisha mfupa na kuufunika kwa ngozi nzuri, ni upasuaji mfupi. Watu wengi hurudi kazini baada ya wiki kadhaa.

Msimamo wangu ni huu. Gumba lipiganiwe karibu kila mara, maana bila gumba mkono unabaki ndoana. Mtoto apiganiwe kidole chochote. Vidole vingi kwa pamoja vipiganiwe, hata kama vitarudi viwili tu. Mkono uliokatika kupitia kiganja au kifundo, vilevile. Lakini mtu mzima aliyepoteza kidole kimoja, tuseme cha shahada, kilichokatwa karibu na shina na kusagwa na mashine, huyo namwambia ukweli: kidole hicho kikirudi kikiwa kigumu na hakihisi, mkono wenyewe utakikwepa. Utamwona anashika kalamu kwa gumba na kidole cha kati, cha shahada kimesimama pembeni kinagongana na kila kitu. Kufunga kidonda vizuri hapo ni matibabu kamili, wala daktari hajamkatia tamaa mgonjwa.

Tahadhari moja: uamuzi ufanyike mbele ya daktari wa mikono, kidole kikiwa kimeletwa. Hata kisiporudishwa, ngozi yake, kucha yake au neva yake vinaweza kutumika kukarabati vilivyobaki.

Kano iliyokatwa: saa ya siku, na uchaguzi mgumu zaidi

Mrudie yule wa kisu. Mwambie auweke mkono juu ya meza, kiganja juu, aulegeze. Vidole vyenye afya hujikunja vyenyewe kidogo kidogo, cha shahada kidogo, cha mwisho zaidi, kama ngazi. Kidole kilichokatwa kano ya kukunja hulala kimenyooka, kimeiharibu ngazi hiyo. Kisha shikilia pingili ya kati isisogee na umwombe akunje ncha. Ncha isipokunjika, kano ya ndani imekatika, hata kama kidonda ni cha sentimita moja. Kushona ngozi na kumwambia arudi baada ya wiki mbili ni kumpotezea muda usiorudi.

Muda wenyewe ni mpana kidogo kuliko watu wanavyodhani. Si lazima iwe usiku huohuo. Kidonda kikisafishwa na kufungwa, kano inaweza kushonwa na mtu anayeijua kazi hiyo ndani ya wiki moja hivi, na matokeo yakawa mazuri. Zikipita wiki tatu, ncha ya juu huwa imevutwa kuelekea kiganjani, ala yake, yaani mfuko mwembamba ambamo kano huteleza, imesinyaa, na kinachobaki mara nyingi ni kupandikiza kano kutoka kwingine, pengine kwa upasuaji mara mbili. Kwa hiyo kati ya kushonwa leo na asiyezoea na kushonwa baada ya siku nne na aliyezoea, mimi nasubiri siku nne. Kinachoweza kubadili hesabu hiyo ni kidole kilichopauka kwa kukosa damu, au kidonda kichafu kinachohitaji kuoshwa mara moja.

Eneo lililo kati ya mkunjo wa kiganja na katikati ya kidole, ambapo kano mbili zinapita ndani ya ala moja nyembamba, daktari wa Marekani Sterling Bunnell aliliita ardhi isiyo na mwenyewe. Ushauri wa enzi zake ulikuwa kutoshona kano mahali hapo mara moja. Leo zinashonwa, na sababu kubwa ni kwamba tumejifunza kuzisogeza mapema.

Kabla ya hapo kuna uchaguzi ambao wagonjwa wengi hawajui kwamba wanao: kupasuliwa ukiwa umelala kwa nusu kaputi, au ukiwa macho kwa sindano ya ganzi mkononi. Kwa kulala, mkanda wa kubana damu hufungwa juu ya mkono, unafunga kula, na kuna dawa za usingizi zinazohitaji moyo na mapafu yenye afya. Kwa kuwa macho, daktari huchoma lidokeini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini inayobana mishipa ya damu, anasubiri karibu nusu saa ngozi ipauke, na anafanya kazi bila mkanda. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba adrenalini huua kidole. Hofu hiyo ilitokana na visa vya zamani vya prokeini, dawa ya ganzi iliyotumika kabla ya lidokeini, na kazi ya madaktari kama Donald Lalonde wa Kanada imeiondoa mahali pengi. Dawa ya kuitengua adrenalini pia ipo.

Faida kubwa ya kuwa macho haipo kwenye gharama wala kwenye njaa. Kano ikishashonwa, kabla ngozi haijafungwa, daktari anasema: kunja kidole. Mgonjwa anakunja. Kamba nyeupe inayong'aa inateleza ndani ya ala yake, fundo la mshono linafika kwenye ukingo wa pete, yaani kitanzi cha ala kinachoishikilia kano karibu na mfupa, na kukwama, kidole kinasita nusu ya safari. Daktari anaipanua pete kwa mkato mdogo. Kunja tena. Safari hii fundo linapita. Kama mshono ungeachia mwanya, ungeonekana palepale na kushonwa upya. Kwa mgonjwa aliyelala, jambo hilo lingejulikana wiki ya nne, kwangu, tukiwa tumeshachelewa. Tena aliyekiona kidole chake kikikunjika huja mazoezini na imani ambayo siwezi kumpa kwa maneno.

Njia hii haiwafai watoto wadogo, wala mtu anayetetemeka kwa hofu, wala vidole ambavyo damu yake tayari ni haba, wala mahali penye usaha.

Baadaye unakuja uchaguzi unaoamua kila kitu: mkono ufungwe kabisa wiki tatu au nne, au uanze kusogea siku tatu hadi tano baada ya upasuaji ndani ya banzi linalouzuia kunyooka kupita kiasi? Kufunga kabisa ni salama dhidi ya kukatika tena, na ndiyo njia ya watoto wasioelewa maelekezo na ya mtu ambaye hatafika kliniki. Bei yake ni ugumu. Kusogeza mapema kunatoa kidole kinachokunjika vizuri zaidi, kwa sharti la mshono imara, walau nyuzi nne zinazovuka mkato, na mgonjwa anayetii. Banzi huvaliwa karibu wiki sita. Kubeba vizito kunasubiri wiki 12. Katika wiki ya tatu kidole kinapoanza kujisikia kizima, ndipo watu hubeba ndoo ya maji na kano inakatika. Sikulaumu ukichagua kufungwa kabisa kwa kuwa unajua hali ya nyumbani kwako. Nakusihi tu usichague njia ya mwendo wa mapema kisha ukafuata nusu yake.

Usaha: hapa hakuna kuchagua

Kidole kilichovimba chote kama soseji, kimejikunja, kinauma ukikigusa kwa upande wa kiganja kuanzia shina hadi ncha, na kinauma vibaya ukijaribu kukinyoosha. Dalili hizi nne zimebeba jina la Kanavel, daktari wa Chicago aliyezieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Maana yake ni usaha ndani ya ala ya kano. Nenda hospitali leo. Vidonge vya kununua dirishani vitakula siku ambazo kano haina. Ngumi iliyokutana na meno ya mtu, hata kama ni tundu dogo juu ya kifundo cha kidole, iangaliwe siku hiyohiyo vilevile.

Mfupa: plasta au skrubu

Mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja, anaumwa kwenye kile kishimo kilicho nyuma ya shina la gumba, na eksirei haionyeshi kitu. Mfupa wa skafoidi, mmoja wa mifupa midogo ya kifundo cha mkono, ndio unaoshukiwa. Damu yake huingia kutoka upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika, kipande cha karibu na mkono wa mbele kinaweza kukosa chakula kikafa. Mpaka picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au kipimo bora zaidi kifanyike, mkono ukae kwenye banzi.

Mfupa huo ukiwa umevunjika kiunoni, yaani katikati yake, na vipande havijaachana zaidi ya milimita mbili, utafiti wa Uingereza uitwao SWIFFT, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha plasta na skrubu: baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa karibu sawa. Ushauri uliotoka ni kuanza na plasta, kupiga picha mapema kuthibitisha kama mfupa unaunga, na usipounga kutia skrubu mara moja. Huu ndio mfano safi wa njia inayoacha mlango wa nyingine wazi, ila kwa mtu anayerudi kupigwa picha. Anayejijua kwamba plasta ikitoka hatarudi, amwambie daktari mapema. Vipande vikiwa vimeachana, au mvunjiko ukiwa nyuma kabisa ambako damu ni haba, upasuaji unatangulia.

Ncha ya kidole iliyoanguka baada ya kugongwa na mpira kwa kawaida haihitaji kisu: kibanzi cha kuinyoosha, mchana na usiku, wiki sita hadi nane. Ikianguka hata mara moja ukiwa unaoga, hesabu inaanza upya.

Ganzi ya usiku na kidole kinachonasa: una nafasi ya kupima

Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete vinakufa ganzi usiku, unaamka unakung'uta mkono. Hiyo ni neva ya kati inayobanwa kwenye handaki la kifundo cha mkono. Anza na banzi la usiku linaloweka kifundo sawa, bila kukunjwa wala kupinduliwa nyuma, halina hasara. Mjamzito mara nyingi anapona baada ya kujifungua. Sindano ya steroidi hutuliza watu wengi, ila kwa wengi dalili hurudi ndani ya mwaka, kwa hiyo naiona kama ya kununua muda. Upasuaji ndio unaofungua handaki lenyewe.

Upasuaji una njia mbili. Wa wazi, mkato wa sentimita tatu hivi kiganjani, daktari anaiona neva kwa macho yake. Wa kamera ndogo, mkato mfupi karibu na kifundo, kovu haliumi sana na watu hurudi kazini mapema kwa kama wiki moja. Kwa upande mwingine, misukosuko ya muda ya neva hutokea zaidi kidogo. Ukipima mwaka mzima, matokeo ni yaleyale. Ningemchagua daktari kwanza, njia baadaye: aliyezoea mkato wa wazi afanye wa wazi. Nguvu ya kushika hurudi polepole, kama miezi mitatu, na maumivu kwenye shina la kiganja katika kipindi hicho ni ya kawaida.

Kitu kimoja kinabadilisha haya yote. Weka viganja vyako viwili sambamba ukatazame kile kilima cha nyama chini ya gumba. Kama kimoja kimebonyea, neva imeanza kuacha kulisha misuli. Wakati wa banzi umepita, na kuendelea na sindano ni kubahatisha.

Kidole kinachonasa ni rahisi zaidi. Sindano moja ya steroidi huwaponya zaidi ya nusu ya watu. Kwa wenye kisukari mafanikio ni madogo na sukari hupanda siku chache baada ya sindano, kwa hiyo kwao upasuaji mdogo wa kuikata pete ya kwanza ya ala haupaswi kuchelewa sana. Mtoto mdogo ambaye gumba lake limekwama kwenye mkunjo hachomwi sindano. Gumba linaweza kufunguka lenyewe, na kumsubiri si uzembe.

Mtoto aliyezaliwa na mkono tofauti

Hapa saa ni ya miezi, lakini wazazi huisikia kama ya dakika.

Kidole cha sita upande wa kidole cha mwisho, kinachoning'inia kwa ngozi nyembamba, mara nyingi hufungwa uzi kidondoke. Ni haraka na hakuna kisu. Lakini hubakiza kinundu, na ndani ya kinundu hicho ncha ya neva inaweza kuuma kila mtoto anapoegemeza mkono mezani. Kuvuja damu na kidonda kuoza pia hutokea. Kukikata kwa ganzi ya sindano, neva ikavutwa na kukatwa ndani zaidi, kunaacha mstari tu. Nachagua kukata. Na kama ndani ya shina unahisi mfupa, uzi usiguswe kabisa.

Gumba mbili ni jambo jingine. Usimkubali anayesema "tunaondoa kadogo". Mara nyingi gumba zote mbili ni nyembamba kuliko gumba la kawaida, na kila moja imeshika kipande cha kiungo, kano na misuli ambacho nyingine inakihitaji. Daktari huondoa moja na kuhamishia kano zake kwenye inayobaki, kwa kawaida mtoto akikaribia mwaka mmoja. Kukata tu bila kujenga kunaacha gumba lililopinda na kulegea.

Vidole vilivyoungana hutegemea ni vipi. Gumba na cha shahada, au cha pete na cha mwisho, vina urefu tofauti, na kile kirefu hupindwa na kifupi kadiri vinavyokua. Hivyo hutenganishwa mapema, pengine tangu miezi sita. Cha kati na cha pete vinaweza kusubiri hadi mwaka mmoja na nusu hivi, maana mishipa ikiwa mikubwa kidogo kazi ni salama zaidi. Mkato huenda kwa mshazari, kona kona, ili kovu lisivute kidole kikikua, na ngozi karibu kila mara haitoshi, hivyo huongezwa ya kupandikiza. Vitatu vikiwa vimeungana, cha katikati hakifunguliwi pande zote mbili siku moja. Kinaweza kukosa damu.

Uchaguzi mzito kuliko wote ni gumba lisilokamilika. Likiwa dogo lakini kiungo cha shina kiko imara, lijengwe: kano ihamishwe, ngozi ya pembeni ipanuliwe. Kiungo cha shina kikiwa hakipo, au gumba linaning'inia tu, ushauri wa madaktari wengi ni kuliondoa na kukihamisha kidole cha shahada, kikiwa na mishipa na neva zake, kifupishwe na kuzungushwa kiwe gumba. Wazazi hulia hapo. Mtoto wao atakuwa na vidole vinne kwa hiari yao wenyewe, na kile kidogo kinachoning'inia, chenye kucha yake nzuri, ndicho wanachoambiwa waage. Sijawahi kumharakisha mzazi hapo.

Ninachofanya ni kumweka mtoto sakafuni na kumpa kitu kidogo, kifuniko cha chupa kwa mfano. Anakitazama. Lile gumba linaloning'inia halisogei. Mkono unafika, na kifuniko kinanyakuliwa kati ya cha shahada na cha kati, ubavu kwa ubavu, kama mkasi. Kisha namwomba mama aushike mkono huo na kuuangalia kwa karibu. Nafasi kati ya vidole hivyo viwili imekuwa pana kuliko upande wa pili, na kidole cha shahada kimeanza kujizungusha kidogo kuwaelekea wenzake.